Saa ya Kuingia ya Mathieu da Costa

Wengine waliijua shule ile kwa mabango yake ya barabarani. Mimi niliijua kwa vikapu vyake vya taka. Miaka mitatu nilifagia ofisi ya Madam Mkuu, na nakwambia, ukitaka kujua wakubwa wanafikiri nini usihangaike na walichobandika ukutani. Soma walichokikunja wakakitupa. Ndiyo maana habari ya Jotham na yule mkalimani wa Kanada ni lazima niisimulie mimi Leah, na lawama yake nimeibeba mimi pia.

Shule yenyewe ilikuwa hapa Dubai, nyuma ya Jumeirah Village Circle, na ilifundisha mtaala wa Kanada. Walimu walikuwa Wakanada, watoto walikuwa Wahindi, Wamisri, Wapakistani na Warusi, pamoja na watoto wawili watatu wa Kikanada ambao walipigwa picha kila wiki. Wa kupiga deki tulikuwa Watanzania na Wanepali. Getini alisimama Jotham, Mkenya wa Nyahururu, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kuniudhi na roho ya kunituliza.

Jotham alikuwa na daftari la wageni. Jina, anakokwenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Walinzi wengine waliandika kwa kukisia, na mchana wakishashikwa na usingizi walijaza ukurasa mzima kwa mkupuo. Jotham hapana. Kwake mtu hakuwa ameingia mpaka mguu wake uvuke mstari mweupe pale getini. Siku moja Madam Mkuu alimwomba amwandike fundi wa vizima moto kwamba alikuja Jumatatu, kumbe fundi alikuja Jumatano, na Madam alitaka tu mafaili yake yapendeze. Jotham akasema, kwa adabu zote, kwamba Jumatatu hakumwona. Madam akanuna siku nzima. Kesho yake, kwa sababu vitabu vilikuwa vinapotea maktaba na hakuna aliyejua vinakwenda wapi, akagundua kwamba mtu wa namna ile ndiye hasa anayemhitaji. Akamwahidi kazi ya msaidizi wa maktaba.

Wewe uliyekaa muda huu wote unaposoma huwezi kuelewa ahadi ile. Mlinzi anasimama saa kumi na mbili mfululizo. Maktaba kuna kiti. Kuna baridi ya mashine, kuna zulia, na kuna vitabu, na Jotham alikuwa mtu aliyeacha chuo cha ualimu mwaka wa pili na bado alisoma hata maandishi ya nyuma ya chupa za dawa zangu za kusafishia. Alianza kunielezea kile kiti kabla hajakikalia. Kina magurudumu, alisema.

Tatizo ni kwamba Jotham hakuwa wa shule. Alikuwa wa kampuni ya ulinzi, na kampuni kwa upande wetu ilikuwa mtu mmoja, Muhanna, bwana wa makaratasi, mwenye kanzu iliyonyooka na kalamu ya dhahabu mfukoni. Ili Jotham ahamie maktaba ilibidi Muhanna atie sahihi karatasi ya kumwachia, ile ambayo kila mtu huku anaiita NOC hata kama hajui kusoma. Bila NOC, ukiacha kazi safari yako ni ya uwanja wa ndege. Jotham aliiomba Januari. Muhanna akasema inshallah. Akaiomba Februari, inshallah. Machi akaambiwa inshallah tena, na Mwarabu mwenye kalamu ya dhahabu akikwambia inshallah mara tatu, jipange.

Ndipo ikaja Wiki ya Kanada. Ilikuwa mwaka 2017, Kanada inatimiza miaka mia na hamsini, na shule yetu, iliyojengwa juu ya mchanga, ikaamua kusherehekea kuliko Kanada yenyewe. Wakapanga makumbusho ya watu hai. Mtu anavaa nguo za kale, anasimama juu ya boksi ukumbini kama sanamu, na mbele yake sakafuni panabandikwa duara jekundu la karatasi. Mgeni akikanyaga duara, sanamu inafungua kinywa na kueleza maisha yake. Ukiondoa mguu, inanyamaza.

Sir wa Jiografia akawa Champlain, mwanzilishi wa Quebec. Nesi wa shule akawa Jeanne Mance, mama wa hospitali ya Montreal. Walimu wawili wa michezo wakawa Radisson na Groseilliers, wafanyabiashara wa ngozi, wakavishwa manyoya mwezi Mei hapa Dubai, nami nikapangiwa kazi ya kufuta jasho lao sakafuni. Wasichana wa darasa la tisa wakawa Mabinti wa Mfalme, wale wanawake mia nane hivi ambao mfalme wa Ufaransa aliwasafirisha kwenda kuolewa na wanaume wa koloni. Nilipoyasikia hayo nilicheka peke yangu chooni. Tiketi analipa mkubwa, ukifika unapangiwa nyumba ya kuingia. Hata mimi ni binti wa mfalme, nilikuwa sijajua tu.

Halafu mtu akashtuka. Nililiokota lile karatasi kikapuni: kumbukumbu za kikao chao, na pembeni mwandiko wa Madam Mkuu mwenyewe, "Wote weupe??? Picha ya brosha!" Alama tatu za kuuliza, nilizihesabu. Wakapekua vitabu wakampata Mathieu da Costa, Mwafrika, mkalimani, wa miaka ya elfu moja mia sita na kitu. Sasa nani atakuwa yeye? Mwalimu mweusi hawakuwa naye hata mmoja. Wakaangalia huku, wakaangalia kule, macho yakaenda mpaka getini.

Madam akamwita Jotham ofisini wakati mimi nafuta madirisha, na mtu anayefuta madirisha haonekani. Akamwambia kwamba Muhanna atakuwa mgeni wa heshima.

"Nitamketisha karibu yangu," alisema kwa Kiingereza chake kitamu. "Ukimaliza, mbele ya wazazi wote, nitamwomba atie sahihi karatasi yako. Hawezi kukataa mbele za watu. Wewe sema mistari yako mitatu tu."

Mistari yenyewe ilikuwa hii: Mimi ni Mathieu da Costa. Nilifika Kanada nikiwa mtu huru, nikapokelewa kwa furaha. Utofauti wetu ndio nguvu yetu.

Ijumaa ile, baada ya ibada, Jotham alikuja International City ninakoishi, ili tumfanyishe mazoezi. Chumbani kwetu tulikuwa sita, kwa hiyo tulikaa chini, kwenye kibaraza cha duka la Mpakistani. Alikuja pia Mzee Khelef, msimamizi wa mabasi ya shule, mtu wa Unguja aliyehamia huku na wazazi wake tangu zamani, ambaye Kiarabu chake kilimfanya Muhanna amwamkie kwanza. Jotham akasimama, akasema mistari yake mitatu, akakaa.

"Umeisema vizuri sana, mwanangu," alisema Mzee Khelef. "Khalas. Usizidishe, usipunguze."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilifungua mkoba nikatoa karatasi kadhaa zilizokunjwa, nilizoziokota kikapuni kwa Madam. Mwalimu wa historia alikuwa ameandika maisha yote ya Mathieu, kurasa mbili nzima, na za wengine pia, na Madam akazipitishia kalamu nyekundu, akabakiza mistari mitatu. Nilizinyoosha juu ya goti langu.

"Soma ujue unayemwigiza ni nani," nilimwambia. "Usije ukawa kasuku."

Akasoma kwa sauti, akitafsiri. Mwanzo tulicheka sana. Kumbe vibarua wa Kifaransa waliopelekwa kule walikuwa na mkataba wa miaka mitatu, hata watu wakawaita Miezi Thelathini na Sita.

"Sisi ni Ishirini na Minne," nilisema. "Tumewazidi ujanja."

"Sis, ngoja, ngoja! Hawa majamaa wawili wa ngozi! Walienda kutafuta ngozi bila permit ya gavana. Wakirudi, gavana akachukua mali, mmoja akawekwa ndani. So wakafanya nini? Wakahamia kwa Waingereza!" Jotham alipiga paja. "Manze, walihama kampuni bila NOC! Na sasa wako na sanamu!"

Hata Mzee Khelef alicheka mpaka akavua miwani. Halafu Jotham akafika kwa Mathieu, na kicheko kikaanza kumtoka usoni. Mathieu alijua lugha nyingi, kila mwenye meli alimtaka. Wafaransa walisema ni wao, Waholanzi wakamchukua, wakubwa wakashtakiana mahakamani kwa miaka juu ya gharama zake. Mwaka 1608 alitia sahihi mkataba wa miaka mitatu wa kazi ya Kanada. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, yuko jela ya Le Havre, Ufaransa. Kosa: utovu wa adabu. Na chini kabisa, mwalimu wa historia alikuwa ameandika kwamba hakuna hati yoyote inayothibitisha kuwa Mathieu aliwahi kufika Kanada.

Jotham alikirudia kile kipande cha mwisho mara mbili.

"Haina time-in," alisema.

"Nini?"

"Hajaingia, dada Leah. Mkataba ako nao. Kesi iko. Jela iko. Lakini hakuna place imeandikwa aliingia. Na mimi nisimame pale niseme nilifika, tena nikapokelewa kwa furaha?"

"Sema, mwanangu," alisema Mzee Khelef, na safari hii hakucheka. "Huyo bwana keshakufa miaka mia nne, hatokudai. Wewe u hai na unataka kiti. Nenda kaseme maneno yao, chukua karatasi yako, teremka. Ukweli utausoma humo maktaba, tena umekaa."

Lilikuwa shauri la mtu mzima mwenye akili. Jotham aliitika kwa kichwa. Ningenyamaza pale, leo ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini mimi nina mdomo. Mimi niliyetoka kusukumwa wiki nzima na ndoo yangu ukumbini, nipishe, nipishe, nilikuwa na hasira za kutosha watu kumi, nikataka Jotham anisaidie kuzitoa.

"Mimi ningekuwa wewe ningewaambia," nilisema.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wazazi walikuja na simu juu, kila mmoja anakanyaga duara lake. Champlain alieleza habari zake kwa sauti ya matangazo ya ndege. Radisson alikuwa amevua manyoya, akabaki na fulana ya michezo. Jotham alisimama juu ya boksi lake amevaa koti la mahameli na kofia yenye unyoya, na hakutikisika hata kope. Kusimama ndiyo kazi aliyoizoea. Wazazi walimpenda. Saa nzima walimkanyagia duara, na saa nzima alisema, "Mimi ni Mathieu da Costa, mkalimani," kisha anatulia kidogo, kisha anasema ule wa tatu, utofauti wetu ndio nguvu yetu. Ule wa katikati aliuruka kila mara. Hakuna aliyegundua ila mimi na dekio langu. Nikasema moyoni, sawa, mwanaume ana akili, amepata njia.

Ndipo Madam akamleta Muhanna. Walikuja polepole, mpiga picha nyuma yao, na karatasi ya NOC ilikuwa mkononi mwa Madam ndani ya faili la bluu, niliiona kwa macho yangu. Muhanna akaweka kiatu chake juu ya duara.

"Mimi ni Mathieu da Costa, mkalimani," alisema Jotham. Akatulia. "Utofauti wetu ndio nguvu yetu."

"Umesahau mmoja," alisema Madam huku anamtabasamia mpiga picha. "Ulifika Kanada..."

Jotham alimtazama. Muhanna hakuondoa mguu.

"Ulifika Kanada nikiwa... mtu huru," Madam alimsaidia, akichanganya maneno.

Naijua sura ile. Ndiyo aliyomwonyesha siku ya fundi wa vizima moto.

"Madam, hakuna mahali pameandikwa kwamba nilifika," alisema Jotham. Kiingereza chake kilikuwa taratibu na safi, kama anamsomea mgeni masharti ya getini. "Nilitia sahihi mkataba wa miaka mitatu. Mabwana wawili walinigombania mahakamani kila mmoja akisema gharama zangu alipe mwenzake. Mimi nilikuwa jela, kwa utovu wa adabu. Kama niliingia Kanada, hakuna aliyeniandika."

Ukumbi haukunyamaza kama inavyosemwa katika hadithi. Watoto waliendelea kupiga kelele, na mama mmoja wa Kihindi akapiga makofi. Champlain, Mungu amsamehe, akainama kutoka kwenye boksi lake akasema, "Kwa kweli yuko sahihi, Madam." Lakini Muhanna alikuwa amebadilika rangi.

"Nani amekwambia ulete mambo ya kampuni hapa?" aliuliza.

"Sir, ni ya mwaka 1609."

"Mkataba, mabwana wawili, mahakama! Unafikiri mimi mjinga?"

"Ni historia, Bwana Muhanna," alisema Madam, na tabasamu bado lilikuwa limemganda. "Historia ya Kanada. Huyu ni wetu, ni kijana mzuri sana, na kwa kweli nilitaka leo nikuombe..."

"Wenu tangu lini? Huyu ni wangu. Visa yangu, kitanda changu, chakula changu!"

"Lakini mavazi ni ya shule."

Naapa alisema hivyo. Wakasimama pale wanagombana juu ya Jotham, wote wawili juu ya lile duara jekundu, na Jotham juu ya boksi na unyoya wake. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho kumuuliza kitu. Mzee Khelef alijipenyeza, akamshika Muhanna mkono, akamwambia kwa Kiarabu maneno marefu ya kutuliza. Muhanna alimsikiliza kwa heshima, akasema, "Khalas, ami," kisha akamgeukia Madam akamkumbusha kwamba mkataba wa ulinzi wa shule nzima unaisha Juni, na kama hapendi mpangilio wa kampuni anaweza kukaa getini mwenyewe. Madam akalifunga faili la bluu. Hakulifunga kwa hasira. Alilifunga kama mtu aliyekumbuka kwamba ana kikao kingine.

Jioni ile nilimwaga kikapu chake. NOC ilikuwa mle, imekunjwa mara nne, na juu yake nakala ya barua ya onyo ya Jotham ambayo kampuni iliitumia shule kwa taarifa. Jina la mfanyakazi. Kosa: utovu wa adabu. Neno lilelile. Nilikaa kwenye kiti cha Madam, mimi ambaye sijawahi kukikalia, nikalia. Nililia kwa sababu Mzee Khelef alimwambia la kufaa, nami nikamwambia la kunifurahisha mimi.

Walimhamishia Al Qusais, kwenye ghala la matairi. Huko hakuna mgeni, alinisimulia kwenye simu, yanaingia matairi tu, lakini anayaandika yote. Nilimwomba msamaha. Akasema nisijali, hata bila zile karatasi asingeweza kumwandika mtu ambaye hakumwona. Akaniuliza kiti kile cha magurudumu wamempa nani. Sikumwambia kwamba hawajampa mtu, kwamba wameweka juu yake maboksi ya brosha.

Septemba shule ilipofunguliwa, nilikuta wametundika picha kubwa maktaba, kando ya mlango. Ni Jotham, na koti la mahameli, na kofia yenye unyoya, amesimama wima. Chini yake wameandika kwa herufi za dhahabu: Mathieu da Costa alifika Kanada akiwa mtu huru. Karibu maktaba. Madam Mkuu aliwaonyesha wazazi wapya picha ile, akawaambia kwamba shule yetu inajivunia watu wake wote.

Nikaipiga picha kwa simu nikamtumia. Alijibu baada ya kumaliza zamu.

"Dada Leah, kumbe niko library! Wameniandika nimeingia saa ngapi?"

Maktaba nayo ina daftari lake pale mlangoni, jina, saa, sahihi, na kalamu yake imefungwa kwa uzi. Mkutubi alikuwa amekwenda chai. Niliinama nikashika kalamu, nikaandika J. Nilitaka sana kumwandika. Nilitaka kumpa saa mbili kamili asubuhi, saa ya watu wa kiti.

Halafu nikakumbuka ni nani aliyenifundisha kulisoma daftari. Hajavuka mlango ule. Nikaikata ile J, nikaachia kalamu, nikachukua kitambaa changu nikaenda kumpangusa vumbi pale ukutani.